Maabara Haikuzaliwa Kasrini

Imekuwa ada ya watu wengi, na miongoni mwao wamo wenye elimu na vyeo, kusema kwamba kufundisha sayansi kwa vitendo ni anasa ya mataifa yenye mali. Kwamba Ulaya, ilipokwisha kushiba faida ya viwanda na biashara zake, ndipo ilipopata wasaa wa kuwajengea wanafunzi wake maabara, na kwamba shule isiyo na jumba lake, mabomba yake ya gesi na makabati yake ya vyombo vya ng'ambo haina budi kukaa na kitabu na ubao hadi siku ile hazina itakapofunguliwa. Rai hii husemwa katika mikutano ya wazazi, husemwa katika kamati za shule, na husemwa bungeni, wala sijapata kumsikia anayeisema akiulizwa burhani yake, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa zamani na watu wengine. Mimi naikanusha. Siikanushi kwa kuwa nayachukia majumba, la hasha. Naikanusha kwa kuwa tarikhi ya jambo lenyewe, ambalo lilianza na kukua katika karne ya 19, yashuhudia kinyume chake kabisa, na kwa kuwa taifa linaloamini tarikhi ya uongo hutumia fedha zake kwa mpango wa uongo.

Nianze na miji iliyokuwa na mali, maana huko ndiko hoja ya wapinzani wangu ingestahili kusimama imara kuliko kwingine. Mwaka 1799 mabwana wa London walianzisha taasisi yao iitwayo Royal Institution, wakaitengenezea chini ya jumba maabara iliyokuwa mojawapo ya zilizo bora katika Uingereza ya siku zile. Humo ndimo Humphry Davy alimoipata potasiamu mwaka 1807 kwa nguvu ya betri, na humo ndimo Michael Faraday alimofanya kazi takriban umri wake wote. Juu yake palikuwa na ukumbi, na ukumbini walikaa watu wa heshima, wanaume kwa wanawake, waliolipa ada zao ili waone ndimi za moto na cheche za umeme, wakapiga makofi, kisha wakapanda magari yao ya farasi wakaenda zao, pasiwe na mmoja kati yao aliyeshika mrija wa kioo kwa mkono wake. Paris nayo, mji uliokuwa na wanakemia mashuhuri kuliko mji wowote duniani wakati huo, haikuwa na mlango ulio wazi kwa mwanafunzi wa kawaida. Maabara ilikuwa ya bwana mwenyewe, na aliyeingia aliingia kwa hisani, mmoja mmoja, kwa sifa ya mtu mkubwa. Kijana wa Kijerumani aitwaye Justus Liebig, aliyezaliwa Darmstadt mwaka 1803, mtoto wa mfanyabiashara wa rangi na dawa, aliipata hisani hiyo kwa kuwa Alexander von Humboldt alimwombea, naye akafanya kazi bega kwa bega na mwanakemia Gay-Lussac. Na alichojifunza mle ndani, mbali na kemia yenyewe, ni kwamba elimu ile hupita kutoka mkono hadi mkono. Basi mali ilikuwako, maabara zilikuwako, na maulamaa walikuwako, ilhali mafunzo ya wanafunzi katika maabara hayakuwako. Mwenye kusema kwamba mali ndiyo iliyoyazaa na atueleze kwa nini mali ilikaa pamoja na maabara miaka yote ile bila ya kuzaa.

Mwaka 1824 Liebig, akiwa na umri wa miaka 21, alipelekwa kufundisha katika chuo kikuu cha Giessen, mji mdogo wa dola ndogo ya Hesse-Darmstadt, dola ambayo hakuna aliyepata kuitaja kwa utajiri. Alichopewa kuwa maabara hakikuwa jumba la elimu. Kilikuwa kibanda cha walinzi wa kambi ya askari waliokwisha kuhama, chenye chumba kimoja cha kazi na tanuri la makaa, kisicho na njia ya kutolea moshi na mvuke wa tindikali, hata kazi zenye harufu mbaya zikawa hufanywa nje, chini ya baraza yenye nguzo. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili waliliomba baraza la chuo liwakubalie kuanzisha chuo cha kemia na ufamasia ndani ya chuo kikuu. Baraza likakataa, likasema kwa maana yake kwamba kazi ya chuo kikuu ni kulea watumishi wa dola, wala si kufundisha wauza dawa, wapika sabuni, watengeneza pombe na watia rangi. Nawaomba wasomaji wakae kidogo na jibu hilo, maana ndani yake mna siri ya jambo zima: wazee wale hawakusema kwamba hawana fedha, ijapokuwa kweli hawakuwa nazo nyingi, walisema kwamba kazi ya mkono haina heshima ya kuingia katika nyumba ya elimu. Kizuizi cha kwanza kilikuwa kiburi. Liebig na wenzake walifungua chuo chao mwaka 1826 kama jambo la binafsi, kwa mfano wa chuo cha wauza dawa alichokiendesha Trommsdorff mjini Erfurt tangu mwaka 1795, na kwa muda wa miaka mingi sehemu ya gharama za kazi ile ilitoka katika ada za wanafunzi na katika mshahara wa mwalimu mwenyewe, ambaye aliugua, akalalamika, na mwaka 1833 akatishia kuondoka.

Ni nini basi kilichofanya kibanda kile kivute vijana kutoka Uingereza, Ufaransa, Urusi na Marekani, ambao kwao mlikuwa na majumba mazuri zaidi? Wako wanaojibu kwa neno moja, kwamba Liebig alikuwa hodari wa pekee, na kwa jibu hilo hudhani wamekwisha eleza. Hodari alikuwa, tena mkali, mwenye hasira na mwenye ghera. Walakini hodari walikuwa wengi. Mimi naona tuangalie kitu kimoja kidogo cha kioo alichokitangaza mwaka 1831, nacho ni kile walichokiita kwa Kijerumani Kaliapparat: mrija uliokunjwa kwa umbo la pembetatu na kupulizwa vibofu vitano, mwepesi, wa kukaa kiganjani, ndani yake mna maji ya potasi. Mwanafunzi alipima kwa mizani kiasi kidogo cha kitu anachokichunguza, sukari mathalan, akakichanganya na oksidi ya shaba, akakitia katika mrija mrefu wa kioo kigumu, akaulaza mrija juu ya chano cha chuma chenye makaa, akayasogeza makaa polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kitu kilipoungua, mvuke wa maji ulinaswa katika mrija wa kloridi ya kalisi, na hewa ya ukaa ikapita katika vibofu, ikibubujika katika kimoja baada ya kingine, ikanywewa na potasi. Kazi ilipokwisha, vibofu vilirudishwa mizanini, na uzito ulioongezeka ulimwambia mwanafunzi ni kaboni kiasi gani iliyokuwamo. Kabla ya hapo kazi ya namna hii ilihitaji kukusanya gesi na kupima ujazo wake kwa vyombo vya taabu, nayo ikawa kazi ya mabingwa wachache, ambao uchunguzi wa vitu vichache tu uliwameza siku nyingi. Baada ya hapo kijana wa kawaida, akiwa na adabu ya mkono na uvumilivu wa macho, aliweza kupata jawabu la kutegemewa, na chombo chenyewe aliweza kukipuliza mwenyewe akijifunza upulizaji wa kioo, kama walivyojifunza wengi. Jumuiya ya wanakemia wa Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1876, imekiweka chombo hicho katika nembo yake, haikuweka jumba.

Na tuangalie pia jinsi siku ilivyokwenda mle ndani, maana hapa wapinzani wangu hawatazami kabisa. Mwanafunzi mpya alianza kwa kuzitambua chumvi na madini ambayo mwalimu ameyaficha majina, akiongozwa na msaidizi. Akiisha kuhitimu hapo, alipewa swali ambalo jawabu lake mwalimu mwenyewe hakulijua. Kila asubuhi wakubwa walimweleza Liebig walichokifanya jana na wanachokusudia kukifanya leo, naye akakubali au akapinga, na kila mmoja akasikia habari za mwenzake, hata ikawa wanafunzana. Walifanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku. Liebig mwenyewe, alipokuwa mzee, alisimulia kwamba malalamiko pekee yaliyosikika yalikuwa ya mtumishi wa maabara, ambaye jioni alishindwa kuwatoa watu nje apate kufagia. Huu si utaratibu wa kasri, ni utaratibu wa karakana: fundi yumo kazini, wanagenzi wamemzunguka, na kazi iliyo mezani ni kazi ya kweli. Dola iliutambua ubora wake ulipokwisha kuonekana. Chuo kikaingizwa rasmi katika chuo kikuu mwaka 1835, na mwaka 1839 likaongezwa jengo lenye mahali pa kutolea mvuke mbaya. Fedha, kwa maneno mengine, zilikuja nyuma, zikimfuata mwalimu na wanafunzi wake.

Nitaambiwa kwamba nimechagua mfano mmoja unaonifaa. Haya, tutoke Giessen. Mwaka ule ule wa 1824, katika mji wa Troy, jimbo la New York, Stephen Van Rensselaer alianzisha shule ambayo mwalimu wake alikuwa Amos Eaton, na kanuni ya shule ilikuwa kwamba wanafunzi wenyewe ndio watakaotoa mihadhara na kufanya majaribio, mwalimu akiwasikiliza na kuwasahihisha. Eaton huyu alikuwa ametoka katika tabu kubwa zaidi ya umaskini: alipata kuhukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya kughushi hati za ardhi, akakaa gerezani karibu miaka mitano kabla ya kusamehewa, na mle gerezani alisoma mimea na kumfundisha kijana wa ofisa wa gereza, John Torrey, aliyekuja kuwa bingwa wa mimea wa Marekani. Mtu aliyefundisha sayansi kifungoni hangeweza kuamini kwamba sayansi hungoja jengo. Mjini Göttingen, Friedrich Stromeyer alikuwa akiwapa wanafunzi kazi ya uchambuzi wa madini kabla ya Liebig kusikika. Mjini Glasgow, Thomas Thomson alifanya vivyo hivyo tangu mwisho wa muongo wa 1810. Na katika chuo kicho hicho cha Glasgow, katikati ya karne, William Thomson, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Lord Kelvin, aliwaita vijana wa darasa lake wamsaidie kupima sifa za umeme na metali, mahali alipowaweka pakiwa ghala ya chini iliyokuwa ya mvinyo katika nyumba ya profesa. Nani atakayesema kwamba ghala ya mvinyo ni kasri?

Makasri yalikuja, sikatai. Katika miaka ya 1860 August Wilhelm Hofmann, mwanafunzi wa Liebig, alichora ramani za maabara kubwa za Bonn na Berlin, na Leipzig ikajenga yake kwa ajili ya Hermann Kolbe, na wageni wakaja kuzitazama jinsi watu wanavyotazama majumba ya wafalme. Lakini hesabuni miaka: tangu 1826 hadi hapo ni takriban miaka arubaini, na katika muda huo watu waliozijaza maabara hizo, waliozisimamia, na hata aliyezichora, walikuwa wamekwisha kufundishwa katika vibanda na vyumba vya chini. Hofmann huyo huyo alikuwa ameitwa London mwaka 1845 kuongoza chuo kipya cha kemia, na katika wanafunzi wake alikuwamo William Perkin, ambaye mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 18, aliipata rangi ya zambarau iliyoanzisha biashara kubwa ya rangi za kemikali. Naye hakuipata chuoni, aliipata wakati wa likizo ya Pasaka, katika maabara ndogo aliyojitengenezea nyumbani kwao mashariki ya London. Wapinzani wangu hupenda kusema kwamba viwanda vilizaa maabara. Katika jambo hili la rangi, ambalo ndilo wanaloshika mara nyingi, yaliyotokea ni kinyume.

Ajabu ni kwamba palipotangulia jumba, matokeo hayakuwa yale yaliyoahidiwa. Chuo kikuu cha Cambridge kilifungua maabara ya Cavendish mwaka 1874, kwa zawadi ya Duke wa Devonshire, chini ya James Clerk Maxwell, mtu ambaye sitathubutu kumtia ila katika elimu; na bado kwa miaka ya mwanzo wanafunzi walioingia mle walikuwa wachache, na madarasa ya vitendo yenye utaratibu kamili hayakuwako hadi Maxwell alipokwisha kufa mwaka 1879, Lord Rayleigh akashika nafasi yake, na wasaidizi wake Glazebrook na Shaw wakakaa kupanga kazi moja baada ya nyingine na kuiandikia maelezo. Jengo lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mpango wa mafunzo na watu wa kuusimamia. Na mji ule ule ndio uliokuwa na Isaac Todhunter, mwanahisabati na mwandishi wa vitabu vya shule, aliyeandika mwaka 1873 kwamba mtoto anayetaka kushuhudia jaribio kabla ya kusadiki neno la mwalimu wake, mtu mzima mwenye elimu na sifa njema, ana shaka isiyo na akili. Husimuliwa kwamba Maxwell alipata kumwalika aje aone kwa macho jambo fulani la mwanga alilolifundisha miaka mingi, naye akakataa, asije akavurugwa mawazo. Mlango wa maabara ulikuwa hatua chache kutoka kwake.

Serikali ya Uingereza nayo ilijaribu kununua elimu ya vitendo kwa fedha taslimu. Idara ya Sayansi na Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1853, ilikuwa ikiwalipa walimu kwa kadiri ya wanafunzi wao waliofaulu mitihani, na baadaye ikatoa misaada ya kujenga na kuvitia vyombo vyumba vya maabara. Vyumba vikajengwa, na shule zikajipanga zipate msaada; lakini kilichofundishwa katika vingi vya vyumba hivyo kilikuwa safu za watoto wenye mirija ya majaribio, kila mmoja akifuata jedwali: tia hiki, kikigeuka cheupe andika hili, kikigeuka cheusi andika lile. Henry Armstrong, mwanakemia aliyezaliwa mwaka 1848 na kusoma kwa Kolbe mjini Leipzig, alikipiga vita kitu hicho tangu miaka ya 1880 hadi uzeeni, akasema hakina tofauti na kukariri. Alichokiweka mahali pake kinafaa kielezwe, maana ni jawabu tosha kwa wanaolilia gharama. Aliwauliza watoto: chuma hupata nini kikishika kutu? Wakakipima chuma, wakakiacha kikashika kutu, wakakipima tena, wakaona kimezidi uzito. Basi kimezidishwa na nini? Wakatia unga wa chuma uliolowa ndani ya kitambaa, wakauning'iniza katika chupa iliyofunikwa kifudifudi juu ya maji, na baada ya siku kadhaa wakaona maji yamepanda yakashika karibu sehemu moja katika tano ya hewa, kisha yakakataa kupanda zaidi. Chupa, maji, kitambaa, unga wa chuma. Kitu cha pekee cha thamani ambacho Armstrong hakukubali kikosekane ni mizani, naam, nami nakubaliana naye.

Hata katika elimu ya viumbe ilikuwa vivyo hivyo. Mwanabiolojia Thomas Henry Huxley, mwaka 1871, aliwakusanya walimu wa shule pale South Kensington wakati wa kiangazi, kwa kozi ya wiki chache, akawapa hamira, ukungu, maharagwe, kome, kamba wa maji baridi, chura na sungura, pamoja na kisu na hadubini, akawaambia wasiandike kitu wasichokiona. Wengi wao walikuwa wamefundisha somo lile miaka mingi bila ya kupasua hata chura mmoja. Kozi ile yeye na H. N. Martin waliiandikia kitabu mwaka 1875, na Martin akaichukua kazi hiyo hadi chuo kikuu cha Johns Hopkins kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1876. Ukiondoa hadubini, hakuna katika orodha ile kitu kisichopatikana sokoni au mtoni.

Insafu yanitaka nikubali mambo mawili. La kwanza ni kwamba umaskini wa Giessen haukuwa fadhila: watu walikohoa, waliungua, na Liebig mwenyewe alidhurika afya, chumba kisicho na njia ya hewa ni hatari, na anayewatia watoto ndani yake kwa jina la uchumi ana dhambi. La pili ni kwamba kazi hii humchosha mwalimu kuliko kazi nyingine yoyote ya ualimu. Liebig alipohamia Munich mwaka 1852, sharti mojawapo alilokubaliwa na mfalme ni kwamba hatalazimishwa tena kuwafundisha wanafunzi katika maabara; akajengewa nyumba na ukumbi mzuri wa mihadhara, akaandika, akahutubia wakubwa, na ule mmiminiko wa wanakemia vijana uliotoka mikononi mwake kule kibandani haukuonekana tena. Wanaosema jumba ndilo linalofanya kazi na waiweke Munich kando ya Giessen, kisha waseme.

Haya yanatuhusu sisi, maana rai niliyoikanusha ndiyo iliyotawala mipango yetu. Nchini Tanzania kulikuwako kwa miaka mingi karatasi ya mtihani iliyowekwa badala ya vitendo, kwa ajili ya shule zisizo na maabara, ambapo mtoto aliulizwa kwa maandishi angeona nini lau angefanya jaribio ambalo hakulifanya. Kisha katika miaka ya 2010 ikaja kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila shule ya sekondari ya kata, na wananchi wakachangishwa kwa matofali na saruji. Sisemi kampeni ilikuwa mbaya. Nasema kwamba karatasi ile na kampeni ile zilikuwa na imani moja, kwamba pasipo jumba hakuna vitendo, ilhali maji, chumvi, kutu, chokaa, siki, maharagwe na vyura vilikuwako katika kila kata siku zote hizo, na hakuna aliyetoa amri vitumike.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kamati za shule, na wale wanaopitisha makadirio ya fedha katika halmashauri zetu, wakiletewa ramani ya maabara mpya waulize kwanza ni nani atakayeingia humo na wanafunzi Jumatatu, amepata kufanya kwa mkono wake jaribio gani, ana saa ngapi za kazi hiyo kwa wiki, na kuna msaidizi au hakuna. Na iwapo hakuna jawabu la maswali hayo, fedha za tofali na ziende kwanza kumfundisha mwalimu na kumnunulia mizani.